Samaki wa Seriz

Juma lililopita walikuja kukata ua wa ofisi yetu, huku Manika, Kolwezi. Nilikuwa ndani napanga karatasi, dirisha liko wazi, na kabla sijasikia panga harufu ikawa imeshaingia: majani ya seriz yaliyopondwa, kali ya pilipili manga, na chini yake kitu cha kijani ambacho mpaka leo sijui kukipa jina. Nikaacha karatasi, nikatoka. Mwenye panga akadhani nimekuja kumgombeza. Nikamwomba tawi moja tu lenye matunda. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mama aliyesahau kunywa dawa zake, akanipa matatu.

Kama ulikulia Kolwezi katika zile nyumba za kampuni, za matofali mekundu na bomba moja uani, huna haja ya kuelezwa seriz. Kwa wengine niseme tu kwamba si zile cheri za duara, laini, zinazokaa juu ya keki ya harusi. Hizo nilikutana nazo nikiwa mtu mzima, nikaona hazina mambo mengi. Zetu ni tunda dogo lenye mbavu, kama boga lililopungua mpaka likaenea kwenye kijiko. Huanza kijani, likawa la rangi ya chungwa, likawa jekundu, na ukiwa na subira likawa karibu jeusi. La kijani linakaza taya, la chungwa linakutoa machozi, jeusi ndilo la kula. Waliokaa katika nyumba zile kabla yetu walizipanda ziwe ua tu, wakaziita seriz, nasi tukabaki na jina.

Ua wa kwetu ulitutenganisha na Mama Chilombo, mjane aliyetoka Musumba, mwanamke mrefu, mnyoofu, asiyependa mzaha. Mashina yalikuwa upande wake, kwa hiyo na matunda yalikuwa yake, hata yale yaliyoning'inia upande wetu mbele ya pua zetu. Alikuwa na fimbo maalumu kwa ajili ya watoto wa mtaa. Mimi nilipigwa nayo mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa sina hatia.

Baba alikuwa mchukua sampuli mgodini. Kazi yake ilikuwa kuchota udongo na mawe kidogo kidogo, kutia katika vifuko, kuandika karatasi ya kila kifuko na kupeleka maabara, wajue pale penye kuchimbwa pana shaba kiasi gani. Tabia za kazi alizileta nyumbani. Kwake kitu hakikuwa kizuri wala kibaya, kilikuwa daraja la kwanza, daraja la pili, au cha kutupa. Sombe ya mama, majani yake ya muhogo, ilikuwa daraja la kwanza. Kwaya ya kanisa letu, daraja la pili. Mimi nilikuwa la kwanza karibu mwaka mzima, isipokuwa siku ya kuleta karatasi ya shule.

Mwaka ninaousema, baridi ya kiangazi, maana kwetu kiangazi ndio wakati wa baridi, ilimwangusha. Alilala majuma mawili na homa na mafua, akapona, akarudi kazini na boti zake za mgodini miguuni. Ila hakurudi mezani. Alinawa, akamega tonge la bukari, ugali wetu, akalichovya, akatafuna polepole kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Kisha akasukuma sahani.

"Tata, haukule?" mama alimuuliza.

"Nimeshiba, Mama Sifa. Pesha batoto."

Sifa ndiye mimi. Siku za kwanza nilifurahi kupewa, maana vipande vya baba vilikuwa vikubwa. Baada ya juma nikaona uso wa mama, na furaha ya nyama ikaisha.

Lazima mtu aelewe jambo hili. Kwetu, mwanaume akikataa bukari ya mkewe, hilo si neno la tumbo. Ni kauli. Anaweza kumnunia, anaweza kuchelewa kurudi, hayo yote yana dawa. Lakini sahani ikirudi jikoni imejaa, siku baada ya siku, mwanamke ameambiwa kitu, na majirani wote wenye macho wamekisikia. Mama alijaribu kila alichokijua. Alimpikia kuku wa kienyeji. Alimpikia dagaa wetu, ndakala, wa mafuta ya mawese, maharage yaliyolala majini, maboga ya karanga. Alibadilisha unga, alibadilisha soko. Baba alisema asante, akala matonge matatu ya heshima, akasukuma. Mama aliacha kuimba jikoni. Alikuwa mtu wa nyimbo za kanisa, nyumba yetu tulijua saa kwa ubeti aliofika, na sasa kulikuwa na kijiko tu kinachogonga sufuria. Nilimkuta mara moja amekaa juu ya gunia la makaa, analia bila sauti, na mikono imejaa unga hata asiweze kujifuta. Nilimfuta mimi. Nilikuwa na miaka minane na nilimchukia baba yangu kwa moyo wote.

Shangazi Monga, dada mkubwa wa baba, alikuja kutazama. Aliinua kifuniko cha sufuria, akanusa, akakirudisha kwa vidole viwili.

"Mwanaume hawezi kukatala bukari bure," alisema, akinitazama mimi ili mama asikie. "Mwili yake inajua kile banaweka mu sufuria."

Hata mimi nilielewa. Wiki ile mama aliteremsha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba, na akatuma neno kwa mjomba Kasongo, kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli kule Mutshatsha. Ujumbe ulikuwa mfupi: njoo usikilize, na kama mambo ni yale ninayoyafikiri, unirudishe nyumbani.

Mvua zilikuwa zimeanza. Ua ulikuwa umejaa seriz, na ndipo nilipogundua siri ya baba. Au niseme, ndipo nilipogundua kitu.

Nilikuwa nimepanda juu ya pipa la maji, jioni, jua bado lipo. Baba alirudi kutoka kazini, lakini hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya choo, akasimama uso kwenye ua, boti zake matopeni, mkono mmoja ndani ya majani. Alikuwa amenipa ubavu. Kinywa chake kilikuwa kinacheza. Kinacheza, kinatulia kidogo kama anayesikiliza jibu, kinacheza tena. Mara akatabasamu. Baba yangu, ambaye hakutabasamu nyumbani tangu kiangazi, alikuwa anatabasamu na majani! Nyuma ya majani yale palikuwa uwanja wa Mama Chilombo, na Mama Chilombo alikuwa na sufuria zake. Nilijumlisha bila shida. Baba anaongea na mjane. Mjane anampikia. Ndiyo maana ameshiba.

Nilirudi kwenye pipa kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku yeye palepale, kinywa kinacheza. Sikumwambia mtu. Hata mimi nikaanza kusukuma sahani.

Mjomba Kasongo alifika Jumamosi na treni iliyochelewa, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya reli asiyoivua hata mezani. Jumapili baada ya ibada wakaketi uani: mjomba upande mmoja, shangazi Monga upande mwingine, mama juu ya mkeka, baba juu ya kiti chake, mikono kati ya magoti. Watoto tukaambiwa tukacheze mbali. Mimi nilibaki kwa sababu nilishika jagi la maji ya kunawa, na mtoto mwenye jagi haonekani.

Mjomba aliuliza kwa upole. "Shemeji, dada yangu amekukosea nini?"

"Hakuna kitu amenikosea."

"Anapika mubaya?"

"Hapana."

"Basi haukule juu ya nini?"

Baba akatazama mikono yake. Shangazi akasafisha koo. "Siye bote tunajua kama mutu hakule bila sababu. Ile sufuria iko na kitu."

Mama akasimama. Aligeuka kuelekea mlangoni, na mimi nilijua vizuri kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Jagi likaniponyoka.

"Mi najua!" nikapiga kelele. "Tata eko anakulaka kwa Mama Chilombo! Kila siku banaongea ku ua, naona kinywa yake inacheza!"

Hata kuku waliacha kuparua. Mama alishika fremu ya mlango. Baba alifungua kinywa, na kabla hajapata neno, ua ukatikisika na Mama Chilombo akatokea pengoni, kitambaa cha kanisa bado kichwani. Hakuhitaji kuitwa, maana nadhani mtaa mzima ulikuwa umenisikia.

"Mi? Niongee na bwana ya mutu mu majani? Na miaka yangu hii?" Alikuja mpaka katikati ya uwanja. Kisha akamtazama baba, akatazama boti zake, akatazama ua, mahali ambapo matawi yalikuwa yamebaki matupu kuanzia kiunoni mpaka urefu wa mkono wa mtu mzima. Niliona jambo linamfikia. "Kumbe njo wewe! Tangu mvua inaanza mi napiga batoto ya batu bure, kumbe mwizi ya seriz yangu eko na ndevu!"

Baba aliinamisha kichwa. "Njo mi, mama. Unisamehe."

"Seriz?" mjomba akauliza. Alikuwa ametoka Mutshatsha na treni iliyochelewa kwa ajili ya seriz.

Ndipo baba akasema. Alisema akitazama chini, haraka haraka, kama mtoto anayekiri dirisha lililovunjika. Tangu ile homa, pua yake imekufa. Hasikii harufu yoyote, na chakula hakina kitu ndani. Bukari, sombe, kuku, sabuni, ni kimoja. Siku moja alipita kwenye ua akachuma seriz ya rangi ya chungwa bila kufikiri, na ule ukali ukampiga. Alikaribia kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kusikia kitu kinywani.

"Na haukusema kwa bibi yako juu ya nini?" mjomba alimuuliza.

Baba akainua macho, lakini hakumtazama mjomba. Alimtazama dada yake. "Yaya, kama ningesema chakula ya Mama Sifa haina tena utamu mu kinywa yangu, we ungesema nini?"

Shangazi Monga akageuza uso kuelekea ua.

"Ungesema ameweka dawa. Na ungeenda kusema kwetu bote. Njo nilinyamaza. Nilisema itapita."

Mama alikuwa bado mlangoni. Aliketi palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye akasema alikuwa na hasira tu, hasira nyingi kuliko siku zote za sahani zilizojaa.

Mjomba, mtu wa reli, hakuamini neno bila kupima. Akamwambia baba afunge macho. Akaleta kitunguu kilichokatwa, akakishika chini ya pua yake: baba akauliza kama ni maji. Akaleta ndakala mkavu: hakuna. Akainama, akavua kiatu chake mwenyewe, kiatu cha safari nzima ya Mutshatsha, akakisogeza. Sisi tuliokuwa mbali tuligeuza nyuso. Baba alivuta pumzi kwa utulivu kama mtu aliye kwenye sala. Mtu aliyetumia maisha yake kupima mawe ya wengine alikuwa amekaa anapimwa, macho yamefungwa, mbele ya mkewe, na bila kutaka watu wakaanza kucheka. Mama Chilombo ndiye aliyecheka kwanza, mimi sikujua kama ana meno yote. Alikwenda mwenyewe kuchuma seriz, za kijani kwa makusudi, akamtia baba moja kinywani. Uso wa baba ukaamka wote, nyusi, masikio, mpaka ngozi ya kichwa ikasogea.

"Hii," alisema. "Hii naisikia."

Mjomba akasema kesi haiwezi kufungwa mpaka watu waone mume anakula chakula cha mke, na huo ndio utaratibu. Mama akainuka akafuta uso. Mama Chilombo akamfuata jikoni bila kukaribishwa, akasema kwao kule Musumba bibi yake alikuwa anapika nyama ya porini na matunda makali, na hakuna aliyekufa. Walikaa chini wawili hao, ambao walikuwa hawajawahi kupeana zaidi ya salamu, wakazitoa mbegu, kwa sababu mbegu ina uchungu unaoharibu mchuzi. Mama alikaanga tomsoni, wale samaki wa barafu, akawatoa. Akatia kitunguu, nyanya, pilipili moja nzima. Kisha seriz za rangi ya chungwa, bakuli zima, akaziponda na mwiko mpaka zikatoa povu. Harufu ilipanda kutoka mbabula, jiko letu la makaa, ikanikaza taya nikiwa bado uani. Akawarudisha samaki wakalala mumo humo, mchuzi mwekundu ukiwafika shingoni.

Baba alimega tonge. Alichovya. Wote tulikuwa tunatazama kinywa chake, mimi zaidi ya wote. Alitafuna, akameza, akamega tena kabla hajasema lolote. Alikula mpaka sahani ikabaki na mifupa tu, na machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ya pilipili.

"Daraja la kwanza," alisema.

Wengine tulikula na nyuso zilizokunjika, tukimeza maji kila tonge la pili. Shangazi Monga alikula yake yote bila kukunja hata jicho moja, akaomba aongezwe. Alikuwa mtu asiyejua kuomba msamaha kwa maneno. Mama alimwongeza sana.

Msimu ule tulikula seriz katika kila kitu. Mama Chilombo alitoa ruhusa, kwa sharti kwamba Jumapili atakula kwetu, na hakukosa hata Jumapili moja. Baba alileta vifuko vitupu vya kazini, akazipanga kwa madaraja, na karatasi juu ya kila kifuko. Za kijani mama alizisaga na pilipili na chumvi, tukaweka pembeni ya sahani. Za chungwa zilikwenda kwa samaki na maharage. Nyekundu zilichemka na mbuzi, nyama ikawa laini hata bibi asiye na meno angeila. Alijaribu pia ndani ya sombe, na hiyo baba mwenyewe, asiyesikia utamu wala harufu, aliomba isirudiwe. Nyeusi zilibaki zetu watoto. Na jikoni nyimbo zilirudi, kwanza ubeti mmoja, baadaye kitabu kizima.

Mama Chilombo hakuniongelesha kwa majuma matatu. Halafu siku moja aliniita nimsaidie kuchuma, akaniambia bila kugeuka, "Sifa, ukiona mutu anatafuna, useme anatafuna. Usiongeze."

Nimejitahidi.

Basi Jumapili iliyopita niliyapeleka yale matawi matatu kwa wazazi. Wako bado katika nyumba ileile, wamekuwa wafupi kidogo, lakini wako. Mama alifurahi, akaingia jikoni kupika samaki wake wa seriz, anavyofanya kila mwaka mvua zikianza. Mimi na baba tukakaa uani. Sahani zilipofika, mama akarudi ndani kuchukua chumvi, na nilipoonja nikakohoa. Seriz zilikuwa nyingi kuliko samaki.

"Tata," nikamnong'oneza, "pua yako haikuponaka?"

Akatazama mlango wa jikoni. "Ilipona. Noeli ya ile mwaka. Siku moja niko nakula hii samaki, paf, harufu zote zinarudia."

"Na samaki?"

"Ah, Sifa. Kali! Kali ya kukimbia."

"Miaka yote hii! Haukusema juu ya nini?"

"Mama yako anaimbaka akiipika. Sikia." Ni kweli, alikuwa anaimba. "Mi nitasema nini?"

Wimbo ukakatika. Mama alitokea mlangoni na kopo la chumvi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri basi muda mrefu na sasa analiona kwenye kona.

"Mi nilijua," alisema. "Ile Noeli ile. Ulipigapiga macho kama batu bote. Nikasema, vizuri, sasa anasikia, sasa atasema. Haukusema. Njo nikaongeza seriz. Mwaka wa kufuata nikaongeza tena. Nilisema huyu bwana alininyamazia nikalia juu ya makaa, wacha nione, hii kinywa itafunguka siku gani."

Baba alimtazama, tonge mkononi. Nilimwona anahesabu kichwani misimu yote, sahani zote alizomaliza. Aliweka tonge chini, akajifuta vidole, akakaa sawa kwenye kiti.

"Mama Sifa," alisema, kwa sauti kubwa, kila neno peke yake. "Ile samaki ni kali. Mi siipendi."

Mama aliketi kizingitini akicheka mpaka akashika ubavu.

"Asante, tata," alisema alipopata pumzi. "Nilikuwa nakungojea."